Serikali na Katiba ya Marekani kwa wanaokaribia mtihani: acha kukariri tarakimu, uliza nani ana mamlaka

Jabali la Kusini (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Muhula unaisha na PM yangu imejaa ombi lilelile: "Kaka, una desa la somo la serikali?" Kwa mlio nyumbani msioelewa kelele hizi, huku Texas somo hili halikwepeki. Uwe unasomea uuguzi, uhasibu au kompyuta, ukiwa chuo cha umma sheria ya jimbo inataka upate krediti sita za somo la serikali, na humo imo Katiba ya Marekani pamoja na ya Texas. Ndiyo maana dada aliyekuja kusomea uuguzi anajikuta saa nane usiku anabishana na jaji aliyefariki mwaka 1835.

Watu wetu wengi wanalisoma kama Uraia wa kidato cha pili. Wanakariri: wawakilishi 435, maseneta 100, majaji tisa, marekebisho 27. Wakifungua karatasi ya mtihani wanakuta hadithi. Bunge limepitisha sheria, jimbo limegoma, mkulima amepigwa faini. Je, ni halali? Hapo 435 haikusaidii kitu.

Ninavyowaelekeza mimi ni hivi. Kabla hujauliza kama jambo ni zuri au baya, uliza nani ana mamlaka ya kuliamua. Kwanza, ni kazi ya serikali ya shirikisho au ya jimbo? Pili, kama ni ya shirikisho, ni ya mhimili upi, na huo mhimili umepita njia iliyowekwa? Tatu, hata kama mwenye mamlaka ndiye huyo, amegusa haki aliyokatazwa kuigusa? Ukishika mpangilio huo, nusu ya karatasi umeimaliza.

Historia kwa ufupi, maana wengine wanapoteza wiki nzima hapa. Kabla ya Katiba ya sasa kulikuwa na mkataba wa muungano ulioanza kutumika 1781. Bunge la wakati ule halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Liliziomba tu fedha nchi wanachama 13, ambazo zilitoa zikijisikia. Kuurekebisha mkataba kulihitaji wote 13 wakubali. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliozidiwa na madeni, wakiongozwa na Daniel Shays, wakaanza kufunga mahakama kwa nguvu. Serikali ya pamoja haikuwa na fedha wala jeshi la kuwazuia. Kikosi kilichowazima kililipwa na matajiri wa Boston. Mwaka uliofuata wajumbe 55 wakakutana Philadelphia (Rhode Island haikutuma hata mmoja), na tarehe 17 Septemba 1787 wajumbe 39 wakasaini. Kumbukeni hofu zao mbili: serikali dhaifu kama ile, na mfalme kama yule wa Uingereza waliyemwasi. Karibu kila kifungu kinatokana na mojawapo.

Sasa swali la kwanza, shirikisho au jimbo. Bunge la Marekani halina mamlaka ya jumla ya kutunga sheria juu ya chochote. Lina orodha, na orodha iko Ibara ya Kwanza, fungu la nane: kodi, kukopa, biashara kati ya majimbo na mataifa ya nje, sarafu, posta, vita na mengineyo. Majimbo hayahitaji orodha. Yana mamlaka ya jumla juu ya afya, usalama, elimu na ndoa, na Marekebisho ya Kumi yanasema kisichokabidhiwa kwa shirikisho kimebaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Ugomvi uko kwenye mwisho wa ile orodha, panaposema Bunge linaweza kutunga sheria "za lazima na zinazofaa" ili kutekeleza mamlaka hayo. Mwaka 1818 Maryland iliitoza kodi benki ya shirikisho, na karani wa benki, James McCulloch, akakataa kulipa. Orodha haitaji benki popote. Mwaka 1819 Jaji Mkuu John Marshall akasema kama lengo limo kwenye Katiba, njia inayofaa kulifikia nayo ni halali. Halafu akaongeza kwamba jimbo haliwezi kuitoza kodi taasisi ya shirikisho, kwa sababu mwenye uwezo wa kutoza kodi ana uwezo wa kuua. Kesi moja, kanuni mbili. Wengi wanaandika ya kwanza, wanasahau ya pili na kupoteza maksi.

Kifungu cha biashara ndicho wahadhiri wanakipenda kuliko vyote. Kisomeni kwa kesi tatu mfululizo. Ya kwanza iliamuliwa 1942: Filburn, mkulima wa Ohio, aliruhusiwa kupanda ngano ekari 11 na kidogo, akapanda 23, akisema ya ziada ni ya shambani kwake. Mahakama ikasema hata hiyo inagusa biashara kati ya majimbo, kwa sababu wakulima wote wakifanya kama yeye, soko la taifa litatikisika. Ukiishia hapo utadhani Bunge linaweza lolote. Mwaka 1995 ikaja kesi ya hapa hapa San Antonio: mwanafunzi wa sekondari, Lopez, alikamatwa na bastola shuleni na kushtakiwa kwa sheria ya shirikisho. Mahakama ikasema kubeba silaha shuleni si shughuli ya kiuchumi. Jimbo linatosha kushughulika na hilo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa karibu miaka 60 kifungu hicho kuwekewa mpaka. Halafu 2012, sheria ya bima ya afya ya Obama: kumlazimisha mtu anunue bima hakukubaliki chini ya kifungu cha biashara, ila malipo ya asiyenunua yalipita kama kodi. Hapo ndipo utaona kwa nini nasema uulize mamlaka kabla ya uzuri wa jambo. Sheria ileile, mlango mmoja umefungwa, mwingine uko wazi.

Naendelea post inayofuata, nipate chai.

---

Zeze la Unyanyembe

Nimewahi siti ya mbele. Shusha nondo mkuu.

---

Mpita Njia 77

Na sisi wa Mbagala haya ya Wamarekani yanatuhusu nini? Katiba yetu yenyewe hatujaimaliza.

---

Mama Pili

@Mpita Njia 77 mwanangu kafeli hiyo kozi mwaka jana, ada ya kurudia nimelipa mimi. Ukitaka ikuhusu nitakutumia risiti. Jabali endelea baba.

---

Jabali la Kusini

Tuendelee. Swali la pili, mhimili na njia.

Hapa nawaletea kesi ambayo Mswahili yeyote anapaswa kuijua, na ajabu ni kwamba wengi wanaipita kwa sababu jina halina umaarufu wa kesi ya Marbury. Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya, wa asili ya Kihindi, akiwa na pasipoti ya Uingereza. Akaja Ohio kusoma mwaka 1966 kwa viza ya mwanafunzi. Viza ikaisha 1972. Kati ya yeye kutoka kwao na viza kuisha, Afrika Mashariki ilikuwa imebadilika kwa Wahindi, na hakuwa na kwao pa kurudi kwa urahisi. Akaitwa ajieleze kwa nini asifukuzwe. Mwaka 1974 jaji wa uhamiaji akakubali kwamba kumwondoa kungemtesa kupita kiasi, akasitisha amri, na jina lake likapelekwa bungeni kama sheria ilivyotaka.

Sheria hiyo ilikuwa na kipengele cha ajabu: nyumba moja tu ya Bunge ingeweza kupiga azimio na kuufuta uamuzi huo. Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi likapitia majina 340, likakataa sita, la Chadha likiwamo. Bila mjadala, bila kura iliyorekodiwa.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu na kuamuliwa Juni 1983, majaji saba kwa wawili. Angalieni Mahakama ilivyofikiri, maana ndivyo mtakavyotakiwa kufikiri. Haikuuliza kama Chadha ni mtu mzuri. Haikuuliza hata kama Bunge lina mamlaka juu ya uhamiaji, maana linayo. Iliuliza: azimio hili limebadilisha haki za mtu aliye nje ya Bunge? Ndiyo. Basi hicho ni kitendo cha kutunga sheria, na sheria ina njia moja: ipite Baraza la Wawakilishi, ipite Seneti, ipelekwe kwa Rais asaini au aikatae. Akiikataa, theluthi mbili za kila nyumba zinaweza kumshinda. Azimio la nyumba moja liliruka Seneti na likamruka Rais. Likafutwa.

Jaji White aliyepinga alilalamika kwamba wenzake wamezika vipengele vya aina hiyo karibu 200 katika sheria za nchi. Kijana aliyekuja kusoma, kesi yake ikabadilisha uhusiano wa Bunge na Rais. Mhadhiri akikupa hadithi ambamo kamati ya Bunge "inaidhinisha" au "inafuta" kanuni ya wizara peke yake, andika Chadha mstari wa kwanza.

Upande wa Rais, kesi ya kushika ni ya viwanda vya chuma ya 1952. Vita vya Korea vikiendelea, wafanyakazi wanataka kugoma, Truman akaamuru serikali ivishike viwanda. Mahakama ikakataa: Rais anatekeleza sheria, hatungi. Ila wahadhiri hawataki sana uamuzi wa wengi, wanataka maoni ya Jaji Jackson. Anasema nguvu ya Rais iko juu kabisa akiwa na idhini ya Bunge, iko kwenye ukungu Bunge likiwa kimya, na iko chini kabisa akienda kinyume na matakwa ya Bunge. Kila ukisikia habari ya amri ya Rais kwenye taarifa, jiulize tu iko daraja gani kati ya hayo matatu. Ni zoezi la bure.

---

Mtoto wa Fizi

Ndugu Jabali asante sana. Niko Iowa, najiandaa mtihani wa uraia, si wa chuo. Nina swali: mahakama ikisema kitu, Rais akikataa, ni nani atamlazimisha? Kule kwetu Kongo mwenye bunduki ndiye anasoma hukumu.

---

Jabali la Kusini

@Mtoto wa Fizi kaka hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake linaanzia Marbury.

Rais John Adams alishindwa na Thomas Jefferson uchaguzi wa 1800. Kabla Jefferson hajaapishwa, akateua majaji wa chama chake haraka haraka. Barua zilisainiwa, zikapigwa muhuri, lakini baadhi hazikufikishwa kwa wenyewe. Aliyetakiwa kuzifikisha alikuwa waziri wa mambo ya nje, John Marshall. Jefferson akaingia, waziri wake mpya Madison akakataa kuzitoa. William Marbury, aliyekosa barua yake ya uhakimu mdogo wa Washington, akafungua kesi moja kwa moja Mahakama ya Juu. Na Jaji Mkuu kufikia hapo ni nani? Marshall huyohuyo! Siku hizi angeambiwa ajitoe.

Alijua akiamuru barua itolewe, Jefferson atampuuza na mahakama itaaibika. Akiogopa, itaaibika vilevile. Kwa hiyo 1803 akaandika: Marbury ana haki ya barua yake, na sheria inatakiwa impe nafuu, ila si katika mahakama hii. Sheria ya 1789 iliyomruhusu kuanzia hapa imeiongezea Mahakama ya Juu mamlaka zaidi ya yale ya Ibara ya Tatu, na sheria ikigongana na Katiba, sheria ndiyo inayokufa. Jefferson akapata alichotaka, kwa hiyo hakuwa na amri ya kukaidi. Mahakama ikaondoka na silaha ya kubatilisha sheria za Bunge, ambayo Katiba haiitaji waziwazi popote. Haikuitumia tena dhidi ya sheria ya Bunge hadi 1857, kwenye kesi ya Dred Scott, ilipotamka kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Matumizi ya pili yakawa ya aibu kuliko yote. Ilibidi vita na Marekebisho ya 13 na 14 kuifuta.

Nani atamlazimisha, sasa. Alexander Hamilton, mmoja wa waliosaini Katiba, aliandika mapema kwamba mahakama haina upanga wala mfuko. Inategemea wengine kutii. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas alipozuia wanafunzi weusi tisa kuingia sekondari ya Little Rock, ni Rais Eisenhower aliyepeleka wanajeshi wa miavuli. Mwaka 1974 Nixon aliamriwa kwa kura nane bila kupingwa atoe kanda zake za mazungumzo. Akazitoa, na siku 15 baada ya hukumu akatangaza kujiuzulu. Akikataa kabisa, kinachobaki ni Bunge: Baraza la Wawakilishi linamshtaki kwa kura za wengi, Seneti inamwondoa kwa theluthi mbili. Walioshtakiwa ni Andrew Johnson, Clinton, na Trump mara mbili. Aliyeondolewa, hakuna. Johnson aliokoka kwa kura moja.

---

kinyozi_msomi

Hapo kwa Johnson weka na mwaka, 1868, mwalimu wetu alituuliza. Mimi nina lingine. Binamu yangu alifukuzwa ghalani kwa kuandika mtandaoni kwamba meneja wao mbaguzi. Katiba si inasema uhuru wa kusema?

---

Jabali la Kusini

@kinyozi_msomi hilo ni swali la tatu, haki, na ndipo wengi wanapoteleza. Marekebisho ya Kwanza yanaifunga serikali. Mwajiri binafsi si serikali. Kwenye mtihani ukiona "kampuni", "duka", "chuo binafsi", simama kwanza uulize mkono wa serikali uko wapi. Kama haupo, Katiba haijaguswa. Haimaanishi binamu hana pa kwenda: kuna sheria za kawaida za Bunge, kama ile ya 1964 ya kupinga ubaguzi kazini, na ile ya 1935 inayolinda wafanyakazi wanaozungumza pamoja kuhusu hali zao za kazi. Amwone mwanasheria wa kazi, mapema, maana malalamiko haya yana muda maalumu.

Na kabla sijasahau, hizo haki za marekebisho kumi ya kwanza, yaliyoidhinishwa 1791, awali zilikuwa zinaifunga serikali ya shirikisho tu. Mahakama ilisema hivyo 1833 kwenye kesi ya mwenye gati Baltimore: jimbo lilikuwa huru kukufanyia mengi. Yakaja Marekebisho ya 14 mwaka 1868, yanayosema hakuna jimbo litakalomnyima mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata utaratibu wa haki. Kupitia sentensi hiyo Mahakama imeziingiza haki moja moja ndani ya majimbo kwa zaidi ya karne. Uhuru wa kusema tangu 1925. Ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu kukataliwa, 1961. Silaha, 2010. Faini kupita kiasi, juzi tu 2019.

Wakili kwa mshtakiwa maskini ni 1963, na hii ya Gideon someni yote. Mzee wa Florida ameshtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool, anaomba wakili, jaji anamwambia jimbo linatoa wakili kwa kesi za adhabu ya kifo tu. Anajitetea, anafungwa, anaandika ombi kwa penseli akiwa gerezani. Mahakama ya Juu ikakubaliana naye kwa kauli moja. Kesi ikarudiwa akiwa na wakili, akaachiwa.

---

Binti wa Pangani

Na sisi tusio raia? Tunasoma haki za watu wengine tu au na sisi tumo?

---

Mzee wa Busati

Dada Binti, ngoja nimsaidie Jabali, hili nimelifanyia kazi. Soma maneno ya Marekebisho ya 14: yanasema "mtu yeyote", si "raia yeyote". Mwaka 1886 San Francisco ilikuwa inawanyima Wachina vibali vya dobi huku Wazungu wakipewa. Yick Wo, asiye raia, akashinda. Mwaka 1982 ikaja ya hapa Texas, mji wa Tyler: jimbo lilitaka shule zisipewe fedha kwa watoto wasio na karatasi. Tano kwa nne, watoto wakashinda, wakaruhusiwa kusoma bure kama wengine. Kupiga kura uchaguzi wa kitaifa ni raia peke yake, usijaribu hata kwa bahati mbaya, utaharibu faili lako la uhamiaji.

---

Jabali la Kusini

Asante mzee wangu, shikamoo. Umenipunguzia kazi.

---

Zeze la Unyanyembe

Mkuu mwenye kura nyingi anashindwaje urais? Hilo sijawahi kulielewa. Na waziri kwa nini si mbunge kama kwetu?

---

Jabali la Kusini

Kura za wajumbe: hao ndio wanaomchagua Rais rasmi. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wawakilishi wake ukijumlisha maseneta wake wawili. Mji mkuu, Washington, ambao si jimbo, unapata watatu tangu 1961. Jumla 538, mshindi anahitaji 270. Karibu majimbo yote anayeongoza anachukua wajumbe wote, hata kwa kura chache (Maine na Nebraska hugawanya). Ukishinda California kwa mamilioni, ziada yote haikuongezei mjumbe hata mmoja. Ndivyo ilivyokuwa 2000 na 2016.

Waziri: Ibara ya Kwanza, fungu la sita, inakataza mtu kushika ofisi ya shirikisho akiwa mbunge. Akiteuliwa, anajiuzulu ubunge. Waliwaona wabunge wa Uingereza wakinunuliwa na mfalme kwa vyeo, hawakutaka.

---

Mama Pili

Mwanangu anabisha hapa kwamba filibasta, ile ya kuzuia kura Seneti kwa kurefusha mjadala, iko kwenye Katiba. Tumewekeana dau la pilau.

---

Jabali la Kusini

Mama pilau ni yako. Katiba inasema tu kila nyumba itajitungia kanuni zake. Kanuni ya kufunga mjadala Seneti ilianza 1917, na kiwango cha kura 60 ni cha 1975. Seneti ikiamua inaibadilisha: 2013 waliiondoa kwa uteuzi mwingi, 2017 wakaiondoa kwa majaji wa Mahakama ya Juu pia. Hata majaji tisa hawamo kwenye Katiba. Ni sheria ya Bunge ya 1869, mwanzoni walikuwa sita. Hizo 435 za Baraza la Wawakilishi nazo ni sheria ya kawaida. Mwambie kijana atenganishe kilichoandikwa kwenye Katiba, kilichowekwa na sheria, na kanuni ya ndani ya nyumba. Swali la namna hiyo limetoka miaka yote niliyoona karatasi.

Na akipewa C asikate tamaa. Mwaka 1982 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas hapo Austin, Gregory Watson, aliandika insha kwamba pendekezo la 1789 kuhusu mishahara ya wabunge bado liko hai na majimbo yanaweza kuliidhinisha. Akapewa C. Akaanza kuandikia mabunge ya majimbo barua. Mwaka 1992 likawa Marekebisho ya 27. Chuo kilibadilisha alama kuwa A mwaka 2017.

Walioniuliza PM kuhusu Katiba ya Texas: hiyo ni ya 1876 na imeshafanyiwa marekebisho zaidi ya 500. Nitaifungulia uzi wake Jumamosi nikitoka zamu ya usiku.